Mama Usiguse na Kiraka cha Birika

Jina lake la kuzaliwa limo kwenye orodha ya wafanyakazi, na sidhani kama kuna aliyelitumia zaidi ya mhasibu. Sisi wengine tulimwita Mama Usiguse, kwa kuwa neno hilo lilimtoka mara nyingi kuliko salamu. Mgeni akinyoosha kidole: usiguse. Fundi wa umeme akitafuta pa kuegemea: usiguse. Siku moja mgeni rasmi alitaka kukalia kiti cha kale ili apigwe picha, wapambe wakaanza kumpisha, na yeye akatokea nyuma ya pazia na glavu zake nyeupe akasema, "Usikalie." Mgeni rasmi akapigwa picha amesimama.

Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu. Meza yangu na yake zilikuwa chumba kimoja, chini kabisa katika jengo la makumbusho, upande usiopata jua, na tulitazamana hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mume wangu alikuwa akisema namjua yule mama kuliko ninavyomjua yeye. Hakukosea sana.

Watu hudhani mhifadhi wa vitu vya makumbusho ana dawa za ajabu. Anazo, kabati zima lenye kufuli. Lakini dawa yake ya kwanza ni mate. Mama Usiguse alikuwa akilowesha kijiti cha pamba mdomoni, anakizungusha juu ya uchafu mahali padogo kama ukucha, anakitupa, anachukua kingine. Mate yana kitu kinachokula mafuta bila kula rangi, alinieleza. Kinyago kimoja chenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza kilimmalizia mate wiki tatu, mpaka nikawa namletea maji kila saa.

"Dada," nilimwambia, "ukimtemea mtu mate ni ugomvi. Ukilitemea gogo unaitwa mtaalamu."

"Ndiyo maana nilisoma," akajibu, bila kuinua macho kwenye lenzi yake.

Alikuwa mkali, simtetei. Hakupenda maneno mengi, na Mungu kwa hekima yake akamweka chumba kimoja na mimi. Lakini saa ya chakula, tukiwa tumefunga mlango, alikuwa na desturi ya kuzungumza kidogo, na karibu kila mara alizungumza juu ya baba yake. Miaka kumi na tisa ya vipande vipande hivyo ilinitosha kumjua mzee ambaye sikuwahi kumwona.

Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Alizunguka mitaani na sanduku la mbao begani, jiko dogo la mkaa mkononi, mguu wa kushoto ukichechemea, akiita, "Sufuria! Birika! Ndoo! Zibaaa!" Watu wakimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, yeye alijibu, "Wenye kuta wajenge, sisi wa nyufa tunaziba." Siku za likizo, na siku nyingine ambazo shule iliwarudisha nyumbani asubuhi, binti yake alifuatana naye akibeba mivukuto ya kupulizia moto. Alikuwa anaona aibu. Alinieleza hilo bila kujipamba. Siku moja baba alipita nje ya shule akiita "Zibaaa!", darasa zima likaitikia kwa kicheko, naye akajifanya ameangusha kalamu, akakaa chini ya dawati mpaka sauti ikaisha barabarani.

Alipata nafasi ya kwenda kusoma mbali, nchi ya baridi, masomo ya kuhifadhi vitu vya kale. Akiwa mwaka wa tatu ikamfikia barua kwamba baba yake amefariki na amekwisha kuzikwa siku kumi na moja zilizopita. Aliporudi alikuta chumba kimefagiliwa. Sanduku la vifaa mama yake alikuwa amempa fundi mwingine, "visije vikaliwa na kutu," na fundi huyo naye akahama. Picha ya baba ilikuwa moja tu, ya watu wengi harusini, na mzee aligeuka wakati ule ule wa kupigwa, uso wake ukatoka ukungu.

"Basi nikasema nitafute kazi ya mikono yake," aliniambia. Alizunguka kwa majirani wote nyumba kwa nyumba. Hamna hata ndoo? Hamna hata kikombe cha bati? Hawakuwa nacho. Sufuria yenye kiraka ni kitu unachokitupa kwa furaha siku ukipata mpya. Na nyumbani kwao ndiko kulikokuwa kukavu zaidi, maana kwa fundi hakuzibwi kitu. Mama yake alipika miaka yote sufuria ikiwa imeinamishwa upande mmoja ili tundu libaki juu ya mchuzi, na chakula kikaiva nusu.

Alikuwa na hamu na baba yake. Simaanishi kwamba alimkumbuka, kila mtu humkumbuka mzazi wake. Ilikuwa hamu ya mtu mwenye kiu, na haikupungua kwa miaka. Pale makumbusho tulikuwa na vitu elfu arobaini vilivyotengenezwa na mikono ya watu, na yeye alivijua karibu vyote, vingine kwa mate yake. Alichotaka ni kimoja tu cha mkono wa baba yake, akione, basi.

Sasa nisikilizeni nilichofanya, nanyi mtahukumu.

Tulijengewa ghala jipya, na kabla ya kuhamia Mkurugenzi aliamuru kumbukumbu zote za karatasi ziingizwe kwenye kompyuta. Mkurugenzi wetu alikuwa kijana, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri na imani kubwa na kompyuta. Kazi ikaniangukia mimi. Nilichapa mafaili miezi mitano mpaka vidole vikawa vinachapa usingizini. Ndipo nikafika kwenye faili la birika.

Birika hilo kila mtu alilijua. Lilikuwa la shaba nyekundu, kubwa, la chai ya watu sitini, limetoka jiko la hospitali moja ya zamani. Lilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za Mama Usiguse alipoajiriwa, na aliwaonyesha wanafunzi wote waliokuja kujifunza kwake. "Tafuteni tundu lilipokuwa," aliwaambia, na wanafunzi wanalizunguka, wanapapasa kwa macho, hawalioni. Alikuwa akitabasamu kwa hilo tu.

Ndani ya faili ilikuwamo ripoti ya matengenezo. Na nyuma ya ripoti, imegandana na jalada kwa unyevu, palikuwa na barua ambayo nadhani haikuwahi kusomwa na mtu zaidi ya mkuu wetu wa zamani. Huyo tulimwita Bwana Ng'aa, kwa sababu alitaka kila kitu king'ae na kila meza iwe tupu. Barua ilitoka kwa msimamizi wa jiko la hospitali. Aliandika hivi:

"Tunawaletea birika letu la zamani kwa kuwa tumepata la umeme. Tafadhali msiondoe kiraka kilicho ubavuni. Kilitiwa na fundi mpita njia, mwenye kuchechemea mguu wa kushoto. Alikuja na binti yake mwenye sare ya shule, ambaye alikaa kwenye ngazi za jiko akiwa amempa baba yake mgongo, na chai tuliyompa hakuinywa. Fundi alifanya kazi toka asubuhi hadi saa tisa, na hakukubali kuondoka mpaka tulipochemsha maji mara tatu mbele yake. Miaka kumi na miwili imepita na halijavuja hata tone. Wapishi wanakipenda kiraka hicho."

Kisha nikarudi kwenye ripoti. Niliujua mwandiko kabla ya kuona sahihi. "Birika la shaba. Chafu, limebonyea shingoni. Ubavuni kuna kiraka cha lehemu, kazi ya ovyo ya fundi wa mtaani. Kimeondolewa. Tundu limezibwa upya na kupakwa rangi lisionekane."

Mdomo wangu haujawahi kukaa na neno zaidi ya saa moja. Hilo nililibeba siku mbili. Siku ya kwanza nilisema haimhusu, mafundi wanaochechemea ni wengi. Siku ya pili nikajiambia nikirudishe kipande kile cha karatasi mahali pake na kuligandisha jalada kwa gundi. Ni yeye mwenyewe aliyenishinda. Aliweka lenzi chini akaniangalia.

"Mdogo wangu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umenyamaza tangu jana. Nikuitie daktari au umefanya kosa?"

Nikampa barua kwanza. Aliisoma amesimama. Nikamwona anarudi juu ya ukurasa, anasoma tena, kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Ni mimi," akasema. "Huyu mtoto wa kwenye ngazi ni mimi. Walinipa chai kwenye kikombe cha buluu. Nilikuwa naogopa wauguzi watajua ni baba yangu."

Ripoti sikuhitaji kumpa. Alikumbuka alichoandika. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja, akisema polepole, "Kazi ya ovyo. Kazi ya ovyo ya fundi wa mtaani." Nilimwambia alikuwa kijana, alitaka kumpendeza mkuu, hakujua. Akasema, "Hapo ndipo penyewe. Sikujua. Mtoto wa fundi nimeshika kazi ya baba yangu mkononi na sikuijua. Sikuwahi kumtazama akifanya kazi. Nilikuwa natazama nani ananiona."

Baada ya hapo swali likawa moja, na alilisema huku akivaa glavu: kiraka kiko wapi?

Wahifadhi hawatupi kitu. Hiyo ndiyo dini yao. Ukibandua rangi, ukitoa msumari, ukikuta nzi mkavu ndani ya mtungi, unakitia kwenye bahasha, unaandika namba, unahifadhi, kwa sababu hujui mjukuu wako wa kazi atataka kujua nini. Kwa hiyo kiraka kilikuwepo mahali, ikiwa sheria ilifuatwa. Tatizo ni kwamba vipande vya miaka ile vilikuwa kwenye masanduku kumi na moja chini ya ngazi, mchwa walikwisha kula bahasha nyingi pamoja na namba zake, na Mkurugenzi alikuwa ametoa agizo: kisicho na namba hakihamii ghala jipya. Kitatupwa. Tulibakiwa na wiki tatu.

Tukaingia chini ya ngazi, wanawake wawili wazima, mmoja mwembamba na mmoja mimi. Kila jioni baada ya kazi na Jumamosi nzima tulimwaga sanduku juu ya shuka jeupe tukachambua, kama watu wanaotoa mawe kwenye mchele. Visu bila mipini, mipini bila visu, meno ya vitana, vifungo, vigae, bawaba. Nilikohoa vumbi mpaka nyumbani wakanitenga chumba. Kila alipokuta kipande cha lehemu alikinyanyua kwa koleo lake dogo, akakiangalia chini ya taa muda mrefu. Kisha anakiweka kushoto, maana yake hapana. Hadi sanduku la kumi na moja alikuwa ameweka vitatu tu upande wa kulia.

"Vitatu hivi vinaweza kuwa," akasema. "Sijui. Sijui mkono wake ulikuwaje."

Jumapili tukaenda kumwuliza mama yake. Bi mkubwa alikuwa na miaka themanini na minne, akikaa kwa Mama Usiguse mwenyewe, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha la barabarani, na masikio yalimwacha lakini ulimi ulibaki. Tulimwekea vile vipande vitatu kwenye kitambaa mapajani. Akavigeuza kwa kidole.

"Mnaniletea vyuma chakavu, nimekuwa mnunuzi?"

"Mama, ni kipi cha baba?"

"Nitajuaje mimi? Nilikuwa natazama kama amerudi, sikutazama alichoziba." Kisha akafikiri. "Alikuwa mzito wa kazi, hilo nalijua. Wenzake wanamaliza sufuria tano, yeye moja. Nikamwambia, mume wangu, ni tundu, si mgonjwa. Anahangaika nalo kutwa! Tukala kuchelewa maisha yetu yote." Akamrudishia binti yake vile vipande na kumshika mkono akauweka pale pale. "Na wewe umekuwa hivyo hivyo. Chai yako inapoa kila siku."

Ilibaki njia moja. Kiraka chenyewe hakikuwa na jina, lakini tundu la birika lilikuwa na umbo. Kiraka cha kweli kingekaa kwenye umbo hilo bila ubishi. Ila ili kulifikia tundu ilikuwa lazima Mama Usiguse abomoe kazi yake mwenyewe, ile aliyowaonyesha wanafunzi. Na kazi hiyo ilikuwa na siri ambayo hakuwahi kuwaambia.

Sheria ya pili ya watu hawa ni kwamba unachotia leo lazima kesho kiweze kutolewa. Gundi yao ni ya kufumuka. Mwaka ule wa kwanza Bwana Ng'aa alikuwa anataka birika lisimame ukumbini siku ya ufunguzi, gundi sahihi ilikuwa haijafika, basi Mama Usiguse akatia ile ya vichupa viwili unavyochanganya, inayoganda na kugeuka jiwe. Alijua ni kosa. Alijiambia atairekebisha. Miaka ikapita, na lilivyokuwa zuri akalisamehe.

Alikwenda kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa, nami nikamfuata kama shahidi, ingawa hakuniita.

"Birika lina ubaya gani?" Mkurugenzi akauliza. "Ndilo zuri kuliko yote."

"Lina gundi yangu mbaya. Na lilikuwa na kiraka ambacho sikupaswa kukitoa."

"Na ukilivunja?"

"Naweza kulivunja."

Kijana yule alikuwa amesoma ile barua, nilikuwa nimeiweka juu ya meza yake asubuhi, kwa bahati mbaya ya kukusudia. "Mama, niambie ukweli. Unafanya hivi kwa ajili ya makumbusho au kwa ajili yako?"

"Yangu," akasema Mama Usiguse. "Makumbusho itafaidika, lakini ni kwa ajili yangu."

Nilidhani ametukata shingo. Mkurugenzi akachukua kalamu akaandika ruhusa, akasema tu kwamba birika linahitajika ghala jipya likifunguliwa, basi.

Ilimchukua siku tisa. Alipasha ile gundi moto kidogo kidogo, akaikwangua kwa kisu kidogo cha upasuaji, akaacha shaba ipoe, akaanza tena. Sikumsemesha. Mimi! Wafanyakazi wa ghorofa ya juu walikuja kuuliza kama nimefiwa. Siku ya tisa, kabla ya saa ya chakula, kipande alichokitia mwenyewe kikabanduka kizima, akakiweka pembeni kwenye bahasha na kukiandikia namba, kwa sababu dini ni dini. Kisha akashusha taa karibu na tundu, akainamia lenzi, akakaa hivyo. Alikaa mpaka nikaogopa.

"Njoo," akasema.

Nilitazama. Niliona tundu refu refu, lenye umbo la jani, na kuzunguka ukingo wake utepe mwembamba wa lehemu ambao kisu cha msichana wa mwaka wa kwanza hakikuumaliza. Ulikuwa sawa pande zote, upana mmoja, hauna donge.

"Angalia miisho," akasema.

Kwenye kila mwisho wa ufa kulikuwa na kitundu cha duara, kidogo, kilichotobolewa kwa makini.

"Ufa unatembea," alinieleza. "Ukiuziba bila kuusimamisha, kesho utatokeza mbele ya kiraka. Unatoboa kitundu pale unapoishia, hapo unakwama. Mimi nilifundishwa hili mwaka wa pili. Nilipanda ndege nikavuka bahari nikafundishwa darasani, nikaliandika kwenye daftari. Baba alilijua. Alilifanya pale, amechuchumaa sakafuni, akipuliza moto wake mwenyewe kwa sababu mimi sikutaka kushika mivukuto mbele za watu. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake."

Ndipo nikaelewa kwa nini mzee alimaliza sufuria moja wenzake wakimaliza tano.

Akavileta vile vipande vitatu. Cha kwanza kilikuwa kikubwa mno. Cha pili kilikuwa na pembe mahali ambapo tundu lilipinda. Cha tatu kilikaribia. Kilikaribia sana, akashusha koleo, akakigeuza hivi, akakigeuza vile, akakipindua, akakijaribu kwa ndani. Hakikuingia. Alijaribu tena vyote vitatu, kwa utaratibu ule ule, kisha akaviweka chini kimoja kimoja.

Kiraka hakikuwepo. Labda mchwa walikula bahasha na mfagizi akafagia. Mimi ninamshuku Bwana Ng'aa na meza zake tupu, lakini ameshatangulia, na siwezi kumfuata kumgombeza.

Mama Usiguse alilia. Alilia kwa sauti, huku amerudi nyuma hatua mbili ili machozi yasifike kwenye shaba. Nilimshika, akaniachia nimshike, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alisema neno moja tu, alilisema mara nyingi, na lilikuwa "Baba."

Wiki ya kuhama, Mkurugenzi alishuka kutukagua. Alilikuta birika limefungiwa kwenye kreti lake la mbao, limelazwa kwenye sponji, ubavu juu, tundu wazi.

"Mama, utaliziba lini?"

"Silizibi."

"Lakini wageni watauliza. Birika gani hili, lina tundu?"

"Waambie tunamsubiri fundi."

Mkurugenzi akacheka. "Fundi si wewe?"

Yeye alikuwa anakata karatasi laini ya kufunikia, na alikuwa anaikata vizuri.

Walipobeba makreti yote, akaniomba faili. Lazima niwaeleze jambo moja, maana hili ni la upande wangu wa chumba: ripoti ya matengenezo haifutwi. Haichanwi wala haipakwi rangi nyeupe. Aliyekosea huandika chini, na kosa lake linabaki juu likisomeka na kila atakayekuja. Kwa hiyo nilipompa lile faili nilifunga mlango kwanza nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba karatasi hupotea. Kwamba tunahama. Kwamba unyevu umekula nyingi, na moja zaidi haitashtua mtu, na mimi ndiye mwenye orodha.

"Ungeifanyia hivyo kazi yako?" akauliza.

"Kwa ajili yako ningeitafuna nikashushia na maji."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ya barua. Kisha akalifungua kwenye ukurasa wake wa zamani, akaulaza mkono, akaandika. Hakuandika kwa muda mrefu. Alinirudishia faili, akachukua mkoba wake na kwenda nyumbani aliko mama yake.

Kazi yangu ni kusoma kabla ya kugonga mhuri. Chini ya maneno ya yule msichana wa miaka ishirini na mitano, kwa mwandiko ule ule uliozeeka, palikuwa pameandikwa:

"Maneno 'kazi ya ovyo' hapo juu ni yangu na si ya kweli. Kazi ilikuwa safi kuliko yangu. Kiraka nilikiondoa, nimekitafuta, sikukipata. Tundu libaki wazi."

Chini zaidi, penye nafasi ya jina la fundi, ambapo kwenye mafaili elfu arobaini huwa tunaandika "hajulikani", alikuwa ameandika majina matatu ya baba yake, kwa herufi kubwa. Na nafasi ilipomwishia akaendelea pembeni mwa karatasi, akiugeuza ukurasa ili maneno yaenee:

"Ni baba yangu. Nilikuwepo akiifanya. Sikutazama."

Nikagonga mhuri wa tarehe.